Ukuta wa Orrin Stuckey

Kwenye ukuta wa mashariki wa gereji ya Orrin Stuckey, mjini Bakersfield, hapakuwa na kalenda wala picha ya gari. Palikuwa na vyuma vilivyokufa: pistoni iliyoyeyuka upande mmoja kama mshumaa, krenki iliyokatika vipande viwili, valvu iliyopoteza kichwa, na vingine vingi ambavyo hata aliyevitengeneza kiwandani asingevitambua. Chini ya kila chuma kulikuwa na kibati chenye jina la mtu aliyekiua. Jina hilo alilichapa mwenyewe, herufi baada ya herufi, kwa nyundo na chapa za chuma, mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka. Ndiyo iliyokuwa sheria ya pale. Ukiua injini kwa uzembe wako, unaleta maiti, unachapa jina, unakunywa bia yako, yanaisha. Asiyetaka kuchapa hakushikwa shati, ila alijua kwamba Orrin hatamgusia tena injini yake.

Jina la Orrin mwenyewe halikuwamo. Alikuwa anakaribia miaka themanini, na alikuwa anajenga injini za mbio tangu siku alipovua sare za jeshi la majini. Katika muda wote huo hajawahi kutundika kitu chake pale. Hilo liliwauma watu, na aliyeumwa kuliko wote alikuwa Garo Tashjian, mwenye ile pistoni iliyoyeyuka. Garo alishasema hadharani kwamba siku jina la Orrin litakapopanda ukutani, yeye atakuja kucheka hata kama itabidi afufuliwe kwanza.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Aprili, Garo na wenzake wa Klabu ya Wapiga Vumbi walivuka milima kutoka upande wa Los Angeles kuja kumtembelea mzee. Walikuja na hotrodi zao, yaani Ford kuukuu walizozikata paa, wakazishusha mpaka zikawa karibu kulamba lami, kisha wakazitia injini zenye hasira. Majirani walizoea. Mama wa nyumba ya pili alikuwa anaanua nguo zake mapema siku hiyo, maana moshi wa wageni wale haukuchagua shuka la nani.

Mwaka huu ziara ilikuwa na uzito wake. Dub Lassiter, mwenyekiti wa klabu, alikuwa ameleta gari lake na injini yake tangu msimu wa majani kuanguka. Ilikuwa V8 ya Ford, silinda nne kila upande, ile ya zamani yenye hedi bapa, yaani vifuniko vya juu vya silinda, na Orrin ndiye aliyemjengea wakiwa wote vijana wenye nywele. Ilikimbia kwenye ziwa kavu la El Mirage mpaka ikachoka, ikalala ghalani miaka na miaka, na sasa Dub alitaka ifufuke. Daktari alimwambia moyo wake umechakaa. Dub akamjibu kwamba basi watafukuzana, yeye na injini, waone nani anatangulia. Mwezi wa tano alitaka kuipeleka El Mirage mara moja tu, aipige mbio, arudi nyumbani akae kwa amani. Makubaliano yalikuwa kwamba Jumamosi hiyo ya Aprili itawashwa mbele ya watu wote.

Sasa ilikuwa asubuhi ya Jumamosi hiyo, wageni hawajafika, na Orrin alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya kazi akiwa ameshika kopo la kahawa lisilokuwa na kahawa. Ndani mlikuwa na bonge la udongo wa buluu, ule wa kuchezea watoto wa shule. Alilitazama, akalipima kiganjani. Bonge lilikuwa dogo kuliko alivyolizoea.

Udongo huo ulikuwa na kazi yake. Fundi wa injini za mbio akitaka kujua kama pistoni itapanda bila kugonga hedi, hubandika kipande cha udongo juu ya pistoni na juu ya valvu, huweka hedi, huizungusha injini kwa mkono, kisha huinua hedi na kuukata ule udongo kwa kisu aone umebaki unene gani. Ukiwa na unene wa kutosha, mambo safi. Anautoa, anafuta, anaweka gasketi mpya ya kuziba mwanya, anafunga nati. Mtoto anaweza kuelewa. Kinachotakiwa ni kitu kimoja tu: kukumbuka kuutoa. Ukiusahau humo ndani, injini ikiwaka ule udongo unaokwa ukawa kigae, kigae kinavunjika vipande, na vipande vinakwangua kuta za silinda na kuingia chini ya valvu. Injini uliyoijenga miezi sita inakufa kabla hujamaliza kutabasamu.

Upande wa kulia Orrin alikuwa na hakika nao. Aliufunga Jumatano, kwa raha zake, redio ikiimba. Upande wa kushoto aliufunga Alhamisi. Na Alhamisi ndiyo siku aliyofika Lorna.

Lorna alikuwa binti yake wa pekee, karani wa shule ya msingi huko Fresno, mwanamke wa makamo asiyezunguka maneno. Alikuja siku mbili kabla ya wageni ili azungumze na baba yake, na walizungumza kweli, mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka.

"Baba, Krismasi uliacha jiko likiwaka mpaka sufuria ikatoboka," alisema Lorna.

"Sufuria yenyewe ilikuwa mbovu."

"Na gari ulilolisahau sokoni ukarudi kwa miguu?"

"Nilitaka kutembea. Daktari si ndiye aliyesema nitembee?"

"Baba, mimi sifanyi mzaha. Nyumbani kwangu kuna chumba. Uza mashine hizi, uje Fresno, uketi."

Orrin alisema kuketi ni kazi ya viti. Walivutana hivyo mpaka wote wawili wakachoka, wakaishia kwenye makubaliano ambayo Orrin ndiye aliyeyapendekeza, kwa kiburi chake mwenyewe. Alisema sufuria ni sufuria na gari ni gari, lakini gerejini hajawahi kusahau kitu. Siku atakayosahau kitu gerejini, siku hiyohiyo atazima taa na kupanda gari la Lorna bila kubishana. Wakapeana mikono. Kisha akarudi kwenye injini ya Dub, damu ikimchemka, akakaza nati za hedi ya kushoto moja baada ya nyingine huku akimjibu Lorna kichwani majibu makali ambayo yalikuwa yamechelewa kumjia.

Hayo ya ugomvi aliyakumbuka yote, mpaka koma. Lakini je, udongo aliutoa? Hapo kichwani palikuwa na ukungu mtupu.

Alifungua plagi za upande wa kushoto na kumulika tochi kwenye matundu. Macho yake yalikuwa na utandu, na matundu yenyewe hayakuelekea kule alikotaka kuona. Akaona giza. Aliizungusha injini kwa mkono. Ikazunguka vizuri kabisa, jambo ambalo halikumsaidia, maana udongo uliokwisha kubonyezwa hauzuii chochote. Akarudisha plagi. Angekuwa na saa mbili mbele yake angefungua hedi mwenyewe, kimyakimya, akajua moja. Lakini tayari kule mwisho wa barabara alisikia mngurumo, kisha mwingine, kisha kundi zima, na mama wa nyumba ya pili akitoka mbio na kapu lake la nguo.

Enzi za Nadine hili lisingetokea, na hilo ndilo lililomchoma.

Nadine, marehemu mkewe, alikuwa mshonaji wa mapazia na hakuwa na mapenzi yoyote na mafuta ya injini. Alisema yana tabia ya kumfuata mtu mpaka kitandani. Lakini alikuwa na sikio. Jikoni kwake, ng'ambo ya ua, alikuwa anajua kwa kusikiliza tu kazi imefika wapi, na gereji ikinyamaza kwa namna fulani alijua kwamba hedi inataka kufungwa. Hapo alikuwa anamimina kahawa, anavuka ua, anaegemea mlango na kuuliza swali lake moja.

"Udongo umetoka?"

"Umetoka, mama Lorna," Orrin alikuwa anajibu, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa.

Hakukuwa na injini aliyoijenga bila swali hilo. Wakati mwingine alikuwa anakasirika kwelikweli. Alimuuliza siku moja ni lini alimkuta amesahau, hata mara moja. Nadine akamwambia, "Siku nitakayoacha kuuliza ndiyo utakayosahau," akamwachia kahawa, akarudi kwenye mapazia yake. Na udongo wenyewe ulikuwa wa Lorna, wa darasa la kwanza. Baba mtu aliuazima kwa nusu saa tu, na mpaka leo hajaurudisha.

Nadine alifariki mwaka juzi, katika msimu wa ukungu, wakati bonde zima linapofunikwa na mtu haoni hata boneti ya gari lake. Tangu hapo Orrin alikuwa amejenga injini mbili tatu ndogondogo, na kila mara alijiuliza mwenyewe kwa sauti. Lakini kujiuliza si kuulizwa. Alimkosa mke wake mahali pengi, mezani, kanisani, upande wa kushoto wa kitanda, ila hakuna mahali alipomkosa kama pale mlangoni.

Wageni wakaingia uani, magari yakazimwa moja baada ya jingine, na Garo akawa wa kwanza kushuka.

"Mzee Orrin, bado unapumua?"

"Napumua polepole ili nikuone ukizikwa."

"Ukuta wangu uko wapi? Nataka kumwamkia marehemu." Garo alienda moja kwa moja kwenye pistoni yake, akaigusa paji la uso kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. "Miaka inapita, yeye habadiliki. Sisi ndio tunaoyeyuka."

Teresa Quiroga, mshona viti wa klabu, aliyekuwa na kibati chake pale kwa ajili ya krenki iliyokatika, alimwambia aache kupapasa maiti. Watu wakacheka. Nje Lorna alikuwa ameshawasha makaa, vipande vikubwa vya nyama vilikuwa vinachuruzika, na sufuria ya maharage, mpya hii, ilikuwa inachemka. Orrin aliwapa watu mikono, akawajibu mizaha yao, akazungushwa ukutani kama kila mwaka kusikiliza hadithi ya kila kifo upya. Kila mwaka zilikuwa zinanoga zaidi na ukweli unapungua. Walikumbushana El Mirage ya zamani, vumbi jeupe likiingia mpaka kwenye mkate, Nadine akiwa amekaa kwenye madigadi na chupa ya chai akimzomea kila dereva anayeshindwa. Siku nyingine Orrin angekuwa na raha tele. Leo alikuwa anacheka kwa meno tu.

Gari la Dub lilisukumwa mpaka mbele ya mlango. Lilikuwa jeusi, la mwaka thelathini na mbili, bila boneti, na injini yenyewe Orrin na winchi yake walikuwa wameshaipandisha mahali pake jana. Dub aliingia kwenye usukani. Alivua kofia. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kubarikiwa ndoa, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha stata.

"Sema wewe, fundi," alisema Dub.

Watu wakasogea.

Orrin alikuwa ameshika mpini wa ufagio, ule anaouegemeza kwenye injini na mwisho wake mwingine kwenye taya, maana siku hizi mifupa yake inasikia vizuri kuliko masikio. Alikuwa na uongo tayari mdomoni. Ulikuwa uongo mzuri: betri imekufa. Watu wangeguna, wangekula nyama, wangeondoka, na kesho Jumapili angefungua hedi akiwa peke yake, na kama kuna udongo angeutoa, na hakuna kiumbe chini ya jua ambaye angejua. Lorna asingejua. Chumba cha Fresno kingeendelea kuwa kitupu.

"Dub," alisema, "hii betri..."

Akatazama pembeni, macho yakaangukia ukuta. Vibati vyote vile. Alikumbuka jinsi Teresa alivyochapa jina lake akilia, msichana wa miaka ishirini na kitu, na yeye Orrin akiwa amesimama nyuma yake akimwambia hapana, herufi hiyo imekaa upande, irudie. Alikumbuka alivyomkatalia daktari wa meno kutoka Pasadena aliyetaka kutundika valvu yake siku ambayo hakuna watu. Alimwambia kitu gani vile? Alimwambia hapa hatuziki kwa siri.

"Betri imefanyaje?" aliuliza Dub.

"Betri nzima," alisema Orrin. "Usibonyeze hicho kitufe. Mimi sikumbuki kama nimetoa udongo upande wa kushoto."

Kule nje mafuta ya nyama yalidondokea makaa, yakachachatika. Orrin aliona watu wakitazamana, kisha wakatazama viatu vyao, na hicho ndicho kitu kilichomtisha kuliko kucheka. Walikuwa wanamwonea huruma. Lorna alikuwa ameingia na sahani mkononi, na alikuwa amesikia.

Dub akavaa kofia yake tena, akashuka garini taratibu.

"Nimeingoja injini hii tangu Oktoba," alisema. "Naweza kuingoja gasketi. Teresa, nipe spana."

"Kaa chini, Dub, na moyo wako," alisema Teresa. "Mimi nitafungua."

Walifungua watatu, Teresa, Garo na Orrin mwenyewe, wakilegeza nati kwa zamu ili hedi isipinde. Mikono ya Orrin ilikuwa imara. Mikono haikuwa na tatizo tangu mwanzo. Nati ya mwisho ilipotoka waliinua hedi pamoja, na mle ndani, juu ya pistoni ya pili kutoka mbele, palikuwa na kipande cha udongo wa buluu, kimebonyezwa bapa kama kitumbua kilichokaliwa. Katikati kilikuwa na mkato safi wa kisu. Kwa hiyo Alhamisi aliinua hedi, alikata, alipima, aliridhika. Kisha akairudisha na kuifunga.

Orrin alikibandua, akakishika kiganjani. Aliona aibu ikimpanda shingoni mpaka masikioni. Alitamani mtu aseme jambo, lolote.

Garo akaanza kucheka. Alianza taratibu, kama anayekohoa, halafu kicheko kikamzidi nguvu, akashika madigadi ya gari la Dub ili asianguke, machozi yakamtoka. "Hatimaye," alisema alipopata pumzi. "Hatimaye, jamani. Udongo wa chekechea! Mimi niliyeyusha pistoni kwa mwendo kasi kama mwanamume. Yeye kaua kwa udongo wa chekechea."

"Hajaua bado," alisema Dub. "Kajeruhi."

"Achape. Kujeruhi kunachapwa pia."

Hapo wote wakacheka, Teresa kuliko wote, na Orrin akajikuta anacheka nao, kicheko chake halisi, cha tumboni, ambacho hakijatoka tangu msimu ule wa ukungu. Alimpenda sana Garo dakika ile. Hangeweza kumwambia hilo hata kwa kukatwa kidole.

Alichapa mbele yao. Kibati kilikuwa chembamba na chapa zilikuwa za zamani, na alipofika kwenye herufi ya pili Teresa alimwinamia begani akasema, "Hapana, mzee, hiyo imekaa upande. Irudie." Akairudia. Walipigilia kibati chini ya pistoni ya Garo, na udongo wenyewe wakaubandika kwenye msumari, buluu tupu katikati ya vyuma vyeusi.

Teresa alileta gasketi mpya. Orrin alisafisha kila silinda, akafuta, akafuta tena, akaweka gasketi. Wakainua hedi, yeye na Garo, wakaishikilia juu ya mahali pake. Kisha Orrin akasimama. Alisimama tu, hedi mkononi, na Garo akimtazama asijue wanangoja nini. Gereji ilikuwa imenyamaza kwa ile namna yake.

"Baba," alisema Lorna kutoka mlangoni. Alikuwa ameegemea fremu, na sauti yake ilikuwa haiko sawa. "Udongo umetoka?"

Orrin hakugeuka upesi.

"Umetoka," alisema.

Wakafunga. Dub akarudi kwenye usukani, akavua kofia mara ya pili, akabonyeza. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Sauti ya injini ile si ya kupiga kelele. Inaguguma, nzito na tamu, unaisikia kwenye nyayo kabla haijafika masikioni. Orrin aliweka mpini wa ufagio kwenye taya akafumba macho. Silinda zote nane zilikuwa zinazungumza lugha moja. Dub alikuwa anabubujikwa na machozi bila kujificha, huku akiongeza mafuta kidogokidogo, na Orrin alifurahi, na wakati huohuo alimkumbuka Nadine.

Wageni walipokuwa wanakula, Orrin alimfuata bintiye kwenye makaa.

"Neno ni neno," alisema. "Nipe wiki mbili nimalizie kazi ya Dub, kisha nitazima taa."

Lorna alikuwa anageuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Unakumbuka nilivyoingia Alhamisi?" aliuliza.

"Nakumbuka ulivyonitukania sufuria yangu."

"Kabla ya hapo. Nilikuwa nimekumiminia kahawa jikoni. Nikavuka ua, nikasimama mlangoni, na wewe umeinamia injini. Sikusema kitu, baba. Nilikuwa nafikiria nianzie wapi. Ukainua kichwa, ukaniona, ukasema, 'Umetoka, mama Lorna.' Nikadhani umepotelewa na akili. Nikaanza kugomba kwa sababu niliogopa."

Orrin alikaa kwenye kiti cha turubai. Sasa alikumbuka. Umbo la mwanamke mlangoni, mwanga nyuma yake, harufu ya kahawa. Alijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, na akili yake, kwa mazoea ya maisha yake yote, ikaandika kwamba kazi hiyo imeisha.

"Ungeuliza tu," alisema.

"Ningejuaje kwamba hiyo ni kazi yangu sasa?"

Garo alipita na sahani yake ya pili, akasema maharage yanahitaji udongo kidogo, akaenda zake.

"Jiko nitakubadilishia," alisema Lorna. "Nitakuletea lile linalojizima. Na hufungi hedi tena, ya mtu yeyote, kabla hujanipigia simu."

"Fresno? Nipige simu ya mbali kwa sababu ya udongo?"

"Fresno. La sivyo chumba kipo na kitanda kimeshatandikwa."

Orrin aligunaguna kwamba watu wa siku hizi wanapenda sana simu. Lakini jioni ile, wageni walipokwisha kuondoka, alivuta waya wa simu kutoka nyumbani, akaupitisha juu ya ua, akaufikisha mpaka kwenye meza yake ya kazi.

Dub alikwenda El Mirage mwezi wa tano, akapiga mbio zake, akarudi na vumbi jeupe kwenye nyusi, anajisifu mpaka leo. Wiki moja baadaye Orrin alikuwa na injini ya Teresa mezani. Alikata udongo, akapima, akaridhika. Akapiga simu. Upande wa pili alisikia watoto wakigombania penseli, na sauti ya Lorna ikiwaambia wapange foleni, halafu ikamjia bila salamu.

"Baba. Udongo umetoka?"

"Umetoka."

"Umeangalia, au umesema tu?"

Hilo Nadine hakuwahi kuliuliza. Orrin alifungua mdomo ili amjibu kwa ukali, kisha akaufunga. Aliweka mkono wa simu mezani taratibu, usikatike, akachukua tochi, akaenda kuangalia.